Milifei ya embe na mtindi: kitafunwa chepesi cha unga wa matabaka kwa meza ya sikukuu

Meza ya sikukuu kwetu pwani haina upungufu wa mafuta. Pilau imeshapita, sambusa zimepita, katlesi mbili tatu zimeliwa wima jikoni kabla wageni hawajaketi, na bado kuna bakuli la kaimati linazunguka. Mgeni aliyefika hapo ukimletea keki ya krimu nene, ataipokea kwa heshima tu, aiguse kwa kijiko, halafu aiache. Kinachotakiwa saa hiyo ni kitu kikavu kinachovunjika mdomoni, chenye ubaridi kidogo na uchachu wa tunda.

Mimi hutengeneza milifei. Ni kitafunwa cha Kifaransa, na kule maduka ya mikate huipanga kwa mabamba matatu ya unga wa matabaka (pafu pestri), katikati krimu nzito ya maziwa, mayai na sukari, juu yake sukari iliyogandishwa. Hii ya kwangu ina mabamba mawili tu tena membamba, mtindi uliochujwa ukawa mzito, asali, iliki, na embe la Desemba ambalo msimu wake umeshika kasi wakati ule ule wa Krismasi na mwaka mpya. Haina yai wala jelatini, jambo ambalo mwenye majirani wa dini tatu tofauti anajua linampunguzia maswali mangapi mlangoni. Krismasi ikiisha, mapishi haya haya yanafaa kwa Idd, ila embe utabadilisha kulingana na mwezi.

Wengi wakitaka kuufanya unga wa matabaka uwe mwepesi, wazo la kwanza ni kupunguza siagi. Wanapunguza, wanapunguza tena, na wanachotoa jikoni ni biskuti ngumu. Siagi ndiyo inayoinua unga huu. Ndani yake kuna mafuta takriban asilimia 80, na maji kama asilimia 16 hivi. Siagi ikikaa katikati ya matabaka ya unga kisha ikakutana na moto mkali ghafla, maji yale yanageuka mvuke na kuyasukuma matabaka mbali moja na jingine, huku mafuta yakiyazuia yasishikane tena. Ndiyo maana samli haifai hapa hata kama ni nzuri namna gani: haina maji. Chapati za kusukuma zina matabaka mazuri kwa samli, lakini haziinuki, na hakuna anayezidai ziinuke. Majarini laini ya kupaka mkate nayo iache, kwa sababu inayeyuka mapema na inaingia ndani ya unga badala ya kukaa kati ya matabaka.

Kwa hiyo siagi tunaipunguza hadi mahali fulani, tunasimama. Unga wa matabaka wa asili unaweza kubeba siagi yenye uzito sawa na unga wenyewe. Hapa tunatumia gramu 140 kwa gramu 250 za unga, zaidi kidogo ya nusu. Wepesi uliobaki unatoka kwingine: kusukuma donge liwe jembamba, kulioka hadi likauke kabisa ndani, na kutojaza kitu kizito katikati. Vinatoka vipande 16, kila kimoja na siagi chini ya gramu 9. Kwa hesabu yangu kipande kizima, pamoja na mtindi, embe na asali, kina kalori 190 hivi.

Ratiba kwanza

Kazi hii haifanywi asubuhi ya sikukuu. Igawe siku tatu, na hakuna siku utakayochoka. Kama sikukuu ni tarehe 25, jioni ya tarehe 23 unatundika mtindi uchujike na unatengeneza donge. Tarehe 24 asubuhi mapema unasukuma na kuoka. Tarehe 25, saa moja kabla ya kuandaa, unakata embe na kupanga. Umeme ukikatika tarehe 24 mchana, mabamba yako yameshaokwa na yamo ndani ya kopo, na mtindi ndani ya friji iliyofungwa utavumilia saa chache.

Vitu vinavyohitajika

Kwa donge:
- unga mweupe wa ngano gramu 250, na kidogo wa kunyunyizia
- siagi isiyo na chumvi gramu 140, iliyoganda kwenye friza angalau saa 3
- chumvi kijiko kidogo kimoja, kisawazishwe
- maji ya barafu mililita 110 hadi 130
- maji ya limau au ndimu kijiko kidogo kimoja
- sukari ya unga vijiko vikubwa 3 hadi 4, ya kung'arishia

Kwa katikati:
- mtindi mzito usio na sukari lita 1
- asali vijiko vikubwa 3
- iliki punje 8, imenywe na kusagwa palepale
- ganda la limau moja, likwaruzwe sehemu ya njano tu
- embe zilizoiva lakini bado zina ugumu, nyama yake ipate gramu 500
- pasheni 2
- korosho zilizokaangwa bila chumvi, kiganja kimoja
- komamanga, ukilipata

Iliki ya kopo iliyosagwa kiwandani inanukia siku ya kwanza tu baada ya kufunguliwa. Hapa iliki ndiyo inayobeba harufu yote, hivyo nunua ya punje.

Mtindi, usiku wa kwanza

Tandaza kitambaa safi, kile cha kuchujia tui kinafaa kama kimefuliwa bila sabuni yenye manukato, juu ya chujio. Weka chujio juu ya bakuli refu ili maji yadondoke bila kugusa mtindi. Mimina lita moja yote, kunja ncha za kitambaa juu yake, weka sahani ndogo na kitu chenye uzito kiasi, kama kopo la maharage. Ndani ya friji. Usiuache juu ya meza ya jikoni usiku kucha. Kwa joto la Desemba utaukuta umechacha kupita kiasi.

Baada ya saa 8 hadi 12 utakuwa na gramu 400 hadi 500 za mtindi unaosimama wenyewe kwenye kijiko. Mtindi wa kienyeji uliotengenezwa kwa maziwa yaliyopunguzwa krimu hutoa pungufu ya hapo na huwa mkali, basi ongeza asali kijiko kimoja. Walioko Muscat au Dubai hawana haja ya kuhangaika hivi, wananunua labna, yaani mtindi uliokwisha kuchujwa, dukani. Waangalie tu chumvi, nyingine ina chumvi ya kulia mkate na si ya tamutamu.

Usiuchanganye na asali sasa. Asali inavuta maji, na ukichanganya mapema utakuta umelegea tena asubuhi. Hayo yanangoja siku ya kupanga.

Donge: vita na joto

Siagi huanza kulainika ikipita nyuzi joto 20, na ikifika kati ya 32 na 35 inayeyuka. Jiko la Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Desemba liko humo humo, na ukiwasha oveni linapita. Maelekezo mengi yameandikwa na watu ambao jiko lao ni baridi, ndiyo maana ukiyafuata kwa uaminifu donge lako linageuka uji wa mafuta. Kwa hiyo fanya kazi baada ya jua kutua au kabla halijachomoza, zima feni inayopuliza hewa ya moto kutoka nje, na usiwashe oveni wakati bado unakunja.

Nachagua njia ya kukwaruza siagi, si ile ya kufungia bapa zima la siagi ndani ya donge. Ile ya bapa inatoa matabaka yaliyonyooka zaidi, lakini inahitaji siagi na donge viwe na ulaini ule ule kwa muda mrefu, na kwenye joto letu ni kujitafutia ugomvi. Hii ya kukwaruza inasamehe.

Weka unga na chumvi kwenye bakuli pana la bati au chuma, liingie friji nusu saa. Sinia utakalosukumia, ukiwa nalo la chuma lenye mgongo ulionyooka, nalo liingie. Chukua siagi kutoka friza, ishike kwa karatasi yake ili joto la kiganja lisiifikie, kisha ikwaruze kwenye matundu makubwa ya kikwaruzio cha karoti, moja kwa moja juu ya unga. Kila ukikwaruza mara chache, simama, tikisa bakuli na uzichanganye zile nyuzi za siagi na unga kwa uma. Zisiposhikana mapema, hazitashikana. Kipande cha mwisho kisichokwaruzika kikate kwa kisu, usiache vidole vyako viende na siagi.

Changanya maji ya barafu na limau. Nyunyizia mililita 110 kwa awamu tatu, ukigeuza kwa uma au kisu butu. Usikande. Kwenye maandazi kukanda ni uhai, hapa ni kifo, maana unazidisha mvutano wa unga na unayeyusha siagi kwa wakati mmoja. Chukua konzi, ifinye: ikishikana na ikabaki na mipasuko pembeni, maji yametosha. Ikimomonyoka kama unga mkavu, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maji, jaribu tena. Usishangae donge likionekana kama takataka, limejaa madoa ya njano na unga mkavu huku na kule. Ndivyo linavyotakiwa liwe. Lisukume kwa viganja liwe mstatili mnene, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, friji dakika 30.

Sasa kukunja. Nyunyizia unga kidogo kwenye mgongo wa sinia baridi. Anza kwa kugandamiza donge kwa kifimbo, pigo baada ya pigo, lianze kutanuka bila kupasuka, ndipo usukume. Sukuma kutoka katikati kwenda mbele, kutoka katikati kwenda nyuma, hadi upate kama sentimita 15 kwa 45. Ukifika ukingoni inua kifimbo, usiuminye ukingo. Kunja theluthi ya chini juu ya katikati, kisha theluthi ya juu ifunike zote mbili. Huo ni mkunjo mmoja. Geuza donge robo mzunguko, ule upande uliokunjwa uwe kushotoni kwako, sukuma tena na kunja tena. Mikunjo miwili, basi, rudisha friji dakika 45. Halafu mingine miwili.

Mikunjo minne inatosha. Kila mkunjo unazidisha matabaka mara tatu, kwa hiyo minne inakupa 81. Wafaransa wakifanya unga wa asili hukunja mara sita na kufikia 729, lakini kwa bamba jembamba litakalogandamizwa wakati wa kuoka, faida ya mikunjo miwili ya ziada haionekani, na hatari ya siagi kupotelea ndani ya unga inaonekana sana.

Jinsi ya kujua unakwenda vizuri: baada ya mkunjo wa kwanza utaona michirizi minene ya njano, na kingo zimechanika. Baada ya wa pili zimeanza kunyooka. Ukimaliza wa nne, donge ni laini, limetulia, na ukilikata pembeni kwa kisu kikali unaona mistari myembamba ya siagi na unga ikipishana. Ukiona mahali siagi imechungulia nje, ipake unga kidogo uendelee. Ukiona donge linanata mkononi na linang'aa mafuta, acha hapo hapo, hata kama umebakiza sukumo moja. Friza dakika 10. Kuna watu huona haya kurudisha donge friji mara nne au tano. Kwa joto letu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Chupa ya glasi iliyonyooka, iliyojazwa maji na kulazwa friji (si friza, itapasuka), ni kifimbo kizuri kuliko cha mti kwa siku kama hizo.

Donge likikamilika lilale friji usiku kucha. Saa moja inatosha ukiwa na haraka, ila likilala halirudi nyuma unapolisukuma.

Kusukuma na kuoka

Asubuhi, ligawe donge katikati kwa kisu kikali, ukikata moja kwa moja kwenda chini bila kuvuta. Nusu moja ibaki friji. Nusu nyingine isukume juu ya karatasi ya kuokea hadi sentimita 28 kwa 36, unene wa milimita 2 hivi. Likijivuta na kurudi, usigombane nalo, liache friji dakika 10 halafu uendelee. Ukimaliza, litoboe lote kwa uma, matundu ya karibu karibu, kisha friza dakika 15. Fanya vivyo hivyo kwa nusu ya pili.

Washa oveni nyuzi 200 na uipe dakika 20 nzima ipate moto. Oveni nyingi za majiko ya gesi nyumbani zina moto wa chini tu, na kipimo cha mlangoni ni cha kubahatisha. Kama yako ni hivyo, weka trei kwenye reli ya juu ya katikati na ugeuze upande wa nyuma uje mbele katikati ya muda.

Bamba kwenye trei, juu yake karatasi nyingine ya kuokea, juu ya karatasi trei ya pili iliyo bapa. Hapa ndipo watu hushtuka: umehangaika siku mbili ili unga uinuke, halafu unaukandamiza. Unataka matabaka yaachane lakini yasipande ovyo, bamba libaki nyoofu, lipate rangi sawasawa na livunjike vizuri. Trei ya juu ikiwa nyepesi sana, ongezea sufuria ndogo isiyo na mpini wa plastiki.

Oka hivyo dakika 20. Toa trei ya juu na karatasi, punguza moto hadi 180, endelea dakika 12 hadi 15. Sehemu ikijaribu kuvimba, igandamize kwa mgongo wa kijiko cha mti. Sasa kuwa na subira. Bamba likiwa njano njano linadanganya: nje limeiva, ndani lina unyevu, na likikutana na mtindi litakuwa mkate uliolowa ndani ya nusu saa. Unataka hudhurungi hadi katikati. Vunja pembe moja uionje. Ikilia na isiache utando wa mafuta ulimini, imeiva. Ikitafunika kama chapati, irudishe dakika 5.

Kisha kung'arisha. Pandisha oveni hadi 220. Chekecha sukari ya unga juu ya bamba kupitia chujio la chai, utando mwembamba usio na mapengo. Rudisha ndani dakika 3 hadi 5 na usiondoke mbele ya mlango wa oveni, usijibu simu. Sukari itayeyuka, itakuwa kioo cha rangi ya dhahabu, na kutoka dhahabu hadi nyeusi ni sekunde chache. Kioo hicho kinapendeza macho, lakini kazi yake kubwa ni kuzuia maji ya mtindi na embe yasiingie kwenye unga. Kwa hiyo mabamba yote mawili yanapata sukari, hata lile la chini.

Likate likiwa bado na uvuguvugu, dakika 3 au 4 baada ya kutoka. Likipoa kabisa, kioo cha sukari kitapasuka ovyo. Tumia kisu cha mkate chenye meno, ukikereza taratibu. Punguza kingo upate sentimita 24 kwa 32, kisha kata vipande vya sentimita 6 kwa 8. Kila bamba linatoa 16. Yale mabaki ya kingo, watoto watayamaliza kabla hujageuka.

Vikipoa kabisa, viweke kwenye kopo la bati au la plastiki lenye mfuniko unaokaza, karatasi kati ya kila safu. Hewa ya pwani ina unyevu, na kipande kilichoachwa wazi usiku mmoja kinalegea. Ikitokea, oveni nyuzi 160 dakika 5 inavirudisha. Kwenye kopo zuri vinakaa siku 2 bila tatizo.

Asiye na oveni

Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, kigae au kifuniko kidogo juu ya mchanga, na mkaa juu ya mfuniko, namna ile ile tunayookea mkate wa kumimina: inawezekana. Ila sahau mabamba makubwa. Kata donge vipande vya sentimita 6 kwa 8 likiwa bichi, vigande, uoke vichache vichache, mkaa mwingi juu na kidogo chini. Vitavimba kama mito kwa kuwa hukuvigandamiza. Vikipoa vipasue katikati kwa kisu, ujaze. Hutapata kioo cha sukari, badala yake chekecha sukari ya unga wakati wa kuandaa.

Siku yenyewe

Menya embe, dodo au bolibo ni nzuri, ngowe pia kwa walio Kenya. Embe lenye nyuzi nyingi libakize la juisi. Kata vipande vidogo vya sentimita moja, kamulia ndimu nusu, tia chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili, na uviache kwenye chujio dakika 20. Maji yatakayodondoka changanya na pasheni, chemsha dakika 4 au 5 yawe mazito kiasi cha kupaka mgongo wa kijiko. Sukari usiongeze, embe la Desemba linajitosheleza.

Mtindi ule uliochujwa, tia asali, iliki na ganda la limau. Geuza kwa kijiko, usipige kwa mashine, ukipigwa unalegea. Onja. Uwe na utamu pungufu kidogo ya unavyodhani unafaa, maana kuna sukari ya kioo na kuna embe. Utie ndani ya mfuko safi wa plastiki wa friza, friji nusu saa, kisha kata ncha moja.

Kupanga: kipande cha chini, kioo kikitazama juu. Mistari mitatu ya mtindi. Embe kati ya mistari na juu yake, kijiko kikubwa kimoja na nusu, si zaidi. Tone la rojo la pasheni. Kipande cha juu, kioo juu, kibonyeze kwa kidole kimoja tu kishike. Korosho zilizokatwakatwa pembeni ambako mtindi umechungulia, na punje za komamanga kama unataka wekundu wa Krismasi mezani. Vipande 16 kwa mtu mmoja ni kama robo saa. Ukiwa na binamu wa kukusaidia kupanga embe, dakika 8.

Usipange mapema zaidi ya saa moja kabla ya kula. Hadi saa moja unga unalia, saa mbili unanong'ona, saa tatu ni kitu kingine. Na kwa kuwa kuna maziwa, sinia lisikae mezani kwenye joto la kupita nyuzi 32 zaidi ya saa moja. Kama wageni wako ni wale wa kuambiwa saa saba wakafika saa tisa, usipange chochote hadi uwaone. Weka mtindi, embe na vipande kila kimoja peke yake, panga wakiwa wanakula pilau.

Ukinunua unga tayari

Maduka makubwa ya Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko huuza pafu pestri iliyogandishwa, na hakuna aibu kuitumia. Soma orodha ya viambato. Ikianza na unga ikafuatiwa na siagi, nunua. Ikisema majarini au mafuta ya mawese, itapanda vizuri pengine kuliko ya kwako, lakini mafuta yake hayayeyuki vyema mdomoni na yanaacha utando, na hapo wepesi wote unapotea. Gramu 500 zinatosha kwa kipimo hiki. Iyeyushe ndani ya friji usiku kucha, si juani dirishani, na isukume hadi milimita 2 hata kama imeuzwa ikiwa imeshasukumwa, kwa sababu zile huwa nene.

Ndugu walioko London au Minneapolis kwenye Desemba yao wana bahati ya jiko baridi: kukunja donge kule ni starehe. Shida yao ni embe. Yale ya vipande vya kugandishwa yanafaa, ila yachuje saa nzima, yanatoa maji mengi. Machungwa yaliyomenywa ngozi ya ndani, pamoja na komamanga, ni bora kuliko embe la dukani lililochumwa bichi likaivia safarini.

Mwezi usio wa embe, nanasi hufaa likikaushwa kidogo kwenye kikaango bila mafuta. Papai halifai, linalegeza kila kitu. Ndizi mbivu hupendwa sana na watoto, lakini kata dakika ya mwisho na uipake ndimu. Na kwa anayetaka cha chumvi, mabamba yale yale bila sukari, mtindi uliotiwa kitunguu saumu na giligilani, na jodari wa kuchoma aliyechambuliwa: hicho hata kabla ya pilau kinakwenda.

Maji yaliyobaki chini ya chujio la mtindi, karibu nusu lita, usimwage. Kandia chapati za kesho asubuhi, zinakuwa laini na zina uchachu mdogo unaopendeza na mchuzi uliobaki.